Presha Unguja na Pemba: simu ianze na orodha ya waliokosa miadi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuchangie mazungumzo yanayoendelea hapa visiwani kuhusu kutumia simu za mkononi kukinga maradhi ya moyo na kiharusi. Sisi ni matabibu na wauguzi wa kliniki za presha na sukari kisiwani Pemba, na fikra hiyo tunaiunga mkono kwa dhati. Ila tunaona maneno mengi yameelemea kwenye programu zenyewe: nani ameileta, inasema Kiswahili au haisemi, ina picha gani. Kwa upande wa presha, faida kubwa ya simu iko kwenye kazi moja isiyovutia macho. Kila siku ya kliniki ikimalizika, simu itoe majina ya waliotakiwa kufika na hawakufika, na mtu mmoja mwenye dhamana awapigie.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu bilioni 1.4 wa umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya kupanda mwaka 2024, na karibu nusu yao hawajijui. Wanaojijua nao wana mtihani wao. Presha haiumi, dawa ni ya kila siku, na mtu akijiona mzima huona hana sababu ya kupanda gari ya shamba kufuata vidonge. Huacha kimya kimya, na kituo hakina habari mpaka aletwe mdomo umekwenda upande na mkono haunyanyuki. Daftari la kawaida linaonesha aliyekuja leo. Asiyekuja halimtaji.

Tuanze na kipimo, kwa sababu namba mbovu ikishaingia kwenye simu husafiri mbali kuliko ikibaki kwenye karatasi. Anayepimwa apumzike dakika 5. Asiwe amekunywa kahawa, amevuta sigara wala kufanya kazi ya nguvu nusu saa iliyopita, na awe ameshakwenda haja ndogo. Mgongo uegemee, miguu ikanyage chini bila ya kupandishwa mmoja juu ya mwengine, na mkono ulale juu ya kitu, usawa wa moyo. Asizungumze, na anayempima asimsemeshe. Apimwe mara mbili, dakika moja katikati. Haya yamebandikwa ukutani karibu kila kituo, na bado yanavunjwa kila siku.

Huko majumbani ndiko yanakovunjika zaidi. Nyumba nyingi za shamba watu hukaa mkekani. Mtu akikaa hivyo bila ya kuegemea, mkono ameulaza pajani, mkono huo uko chini ya moyo, na kila sentimita 10 unazoshuka huongeza kiasi cha 7 hadi 8 kwenye namba. Mwenye 134 kwenye namba ya juu, yaani ya kwanza kati ya mbili za kipimo, anaweza kuandikwa 145 na kuambiwa ana presha. Kurekebisha hakuna gharama: aegemee ukuta, na mkono uinuliwe kwa mito miwili mpaka mkanda wa mashine uwe sambamba na katikati ya kifua. Kukiwa na kiti na meza, bora zaidi. Nguo nayo ina lake. Mkono wa baibui au wa kanzu ukikunjwa juu mpaka ukabana, hauna tofauti na kamba iliyofungwa juu ya mkanda, na kipimo hakiaminiki tena. Mkanda ufungwe kwenye ngozi. Kwa hivyo mhudumu wa kike na pahala penye pazia wahesabiwe miongoni mwa vifaa, kama zinavyohesabiwa betri.

Halafu mkanda wenyewe. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mashine nyingi za dukani huja na mkanda wa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Bibi mwenye mzingo wa 36 akifungwa huo, namba hupanda juu ya ukweli, na tofauti inaweza kufika 10 au kuzidi. Yeye anahitaji mkanda wa 32 hadi 42. Tepu ya fundi cherehani inatosha: pima katikati ya bega na kiwiko, andika mzingo kwenye kadi ya mgonjwa, basi hutobahatisha tena. Mashine iwe ya mkono wa juu, iliyopimwa usahihi wake kwa kiwango cha ISO 81060-2. Majina ya mashine zilizofaulu yanapatikana bure kwenye orodha ya STRIDE BP. Alama ya CE kwenye boksi haithibitishi kwamba namba inayotoka ni sahihi. Wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, mashine ya kujiendesha inaweza kuwakosea, kwa hivyo wapimwe mara tatu, au kwa mashine ya kupampu kwa mkono na mtu anayejua kusikiliza mapigo.

Hapa tunataka tuseme wazi kuhusu programu za simu zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera. Vijana wanazipakua na kuwapimia wazee wao, kwa nia njema kabisa. Programu moja ya aina hiyo iliuzwa sana Marekani mwaka 2014 na 2015. Watafiti wa Johns Hopkins walipoilinganisha na mashine ya kweli, matokeo yao ya mwaka 2016 yalionesha kuwa takriban watu 4 kati ya 5 wenye presha ya kupanda iliwapa namba za watu wasio na presha. Mtu aliyedanganywa hivyo huacha dawa akiwa na ushahidi mkononi, na kumrudisha ni kazi ngumu kuliko kumwanzisha asiyewahi kupimwa. Tunawaomba vijana wetu: simu itunze namba, namba itoke kwenye mkanda.

Jambo la pili ni programu zinazokadiria hatari ya mtu kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Hesabu hizi haziwezi kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyengine bila ya kurekebishwa. Hesabu ya Marekani ya mwaka 2013 ilimtaka mtu ajichague kuwa Mzungu au Mmarekani mweusi, na namba zake zilitoka kwa watu wa huko. Ulaya kwenyewe, hesabu yao ya SCORE2 ya mwaka 2021 imezigawa nchi katika makundi manne, maana mtu wa nchi moja hana hatari sawa na wa nchi nyengine hata presha yao ikilingana. Sisi tunayo ya kwetu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za kanda 21, na Tanzania imo katika kanda ya mashariki ya Afrika kusini mwa Sahara. Chati isiyohitaji maabara inataka mambo matano tu: umri (miaka 40 hadi 74), mume au mke, anavuta au havuti, namba ya juu ya presha, na uzito wa kilo uliogawanywa kwa urefu wa mita, kisha jibu likagawanywa tena kwa urefu huo huo. Mhudumu wa shehia mwenye mizani na tepu anaiweza. Lakini chati hiyo haihesabu sukari, kwa hivyo mwenye kisukari apelekwe kwenye chati ya maabara. Na aliyekwishapata kiharusi au mshtuko wa moyo hapigiwi hesabu yoyote, huyo yuko kwenye hatari kubwa tayari. Programu yoyote itakayoletwa visiwani iulizwe swali hili kwanza: ndani yake kuna hesabu ya kanda gani? Asiyeweza kujibu asipewe wagonjwa wetu.

Sasa kwenye orodha. Chukulia kituo chenye wagonjwa 300 wa presha, kliniki mara moja kwa wiki, miadi kila siku 28. Tunapendelea siku 28 badala ya mwezi kwa sababu huangukia siku ile ile ya wiki, na aliyepewa vidonge 30 hubakiwa na viwili vya akiba. Kila kliniki inatarajia watu 75. Mmoja kati ya watano asipokuja, hao ni 15. Simu ya dakika 3 kwa kila mmoja ni dakika 45. Kazi hiyo muuguzi mmoja anaimudu siku inayofuata, bila ya mradi mkubwa. Kinachomshinda leo ni kuwajua hao 15 ni nani, maana ili awapate kwenye daftari lazima afungue kurasa za wiki nne na kulinganisha jina kwa jina, na hapa kwetu akina Fatma Juma na Ali Hamad wamo wengi katika shehia moja. Nchini India vituo vya serikali vinatumia programu ya bure iitwayo Simple, ambayo pia imepelekwa Bangladesh na Ethiopia. Mgonjwa ana kadi yenye alama ya QR, muuguzi anaielekeza kamera, anaandika presha na dawa, basi. Inafanya kazi hata mtandao ukikatika, na orodha ya waliochelewa inajitoa yenyewe. Hatusemi lazima iwe hiyo. Tunasema itakayochaguliwa isikose mambo hayo matatu.

Namna ya kupiga simu ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukianza na "kwa nini hukuja?" mzee atajitetea, na utakachopata ni udhuru. Anza na shikamoo, ulizia hali, kisha uliza: "Vidonge vimebaki vingapi?" Jibu la swali hilo linasema kila kitu. Vikiwa vimekwisha wiki mbili, hana dawa mwilini. Vikiwa vingi kuliko siku zilivyo, anaruka. Wako wanaomeza siku tatu za mwisho kabla ya kliniki ili namba iwe nzuri, na kipimo cha kituoni hakiwaoni. Ukishajua idadi, uliza kinachomsumbua. Amlodipini huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu, khasa kipimo cha miligramu 10, na wengi huacha kwa sababu hiyo bila ya kusema. Daktari anaweza kupunguza kipimo na kuongeza dawa nyengine, kama losatani, ilimradi si mjamzito. Uliza pia dawa za maumivu. Bibi mwenye magoti hununua diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa, na dawa hizo hupandisha presha. Akisema ana maumivu ya kifua, anashindwa kupumua, upande mmoja umelegea au maneno hayatoki sawa, mazungumzo ya vidonge yaishie hapo na atafutiwe gari ya hospitali.

Ujumbe wa maandishi una nafasi yake, lakini tusiutwishe mzigo usioubeba. Cape Town, utafiti wa watu 1,372 uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kuwa ujumbe wa kukumbusha dawa ulishusha namba ya juu ya presha kwa takriban 2 tu baada ya mwaka mmoja, na kumruhusu mgonjwa kujibu hakukuongeza kitu. Sydney, Australia, utafiti wa wagonjwa 710 wa moyo uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kuwa takriban nusu yao, waliotumiwa ujumbe mara nne kwa wiki, walipata nafuu kubwa zaidi. Sehemu mbili, matokeo mawili. Vijijini Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, wahudumu wa jamii walipopita nyumba kwa nyumba na mashine, na wenye presha isiyoshuka wakapelekwa kwa daktari aliyefunzwa, presha ilishuka kwa 5 zaidi ya wengine katika miaka 2; matokeo hayo yalitoka mwaka 2020. Na Andhra Pradesh, India, programu za kielektroniki walizobeba wahudumu wa vijiji hazikuonesha tofauti ya presha, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Tunalolisoma humo ni kwamba mtu mwenye mkanda mkononi na daktari nyuma yake ndio wanaoshusha presha, simu ikiwasaidia.

Ujumbe ukiandikwa, uandikwe kwa akili za hapa. Simu za kitochi zinapokea herufi 160 kwa ujumbe mmoja. Ukibandika kijipicha cha moyo, au alama ya ng' iliyopinda kutoka kwenye kompyuta badala ya ile iliyonyooka, nafasi hushuka mpaka herufi 70, ujumbe unakatika na gharama inapanda mara mbili hadi tatu. Saa zitazamwe pia. Ujumbe uliokusudiwa saa 2 za usiku ukiandikwa "meza dawa saa 8 usiku", kwa sababu mtungaji alifuata saa za Kizungu, unamwamsha mzee usiku wa manane. Ugonjwa na dawa visitajwe kabisa, maana simu nyingi hutumiwa na nyumba nzima, na jirani akisoma neno kliniki anaweza kuwaza maradhi mengine. Mfano unaotosha ni huu: "Assalaam alaykum. Tunakutarajia Jumatano hii asubuhi. Njoo na kadi na vilivyobaki. Ukiwa safarini, tupigie kwa namba hii." Wakati wa kusajili yaulizwe mambo matatu: simu hii ni ya nani, ikizimwa tumpigie nani, na huyo anaruhusiwa kujua? Na kila anapofika mgonjwa, asomewe namba yake yote aithibitishe. Laini hubadilishwa hapa kila siku.

Mwezi wa Ramadhani programu iliyotengenezwa nje huwa inawaambia watu wameze vidonge saa 2 asubuhi. Aliyefunga atapuuza, na akishazoea kupuuza ataendelea mpaka Shawwali. Ratiba ihamie futari au daku. Amlodipini ya mara moja kwa siku inahamia futari bila taabu. Dawa ya kukojosha isiwekwe daku, kwa sababu itamkausha mchana wa jua. Anayetumia kaptoprili mara mbili au tatu kwa siku aonane na daktari ili aangaliwe kama anaweza kupewa ya mara moja. Mazungumzo hayo yafanyike Shaabani, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, na simu ina uwezo wa kutoa majina ya wote wanaohusika kwa dakika chache.

Visiwa vyetu havifanani, na mpango mmoja hautovaa pote. Mjini Magharibi tatizo si mtandao. Huko mtu ana vituo vingi na maduka ya dawa, anapimwa huku, ananunua kule, na rekodi yake imetawanyika. Anahitaji namba moja ya utambulisho inayosomeka kila kituo. Micheweni na vijiji vya pembezoni, mtandao unakuja na kuondoka, na programu inayotaka intaneti kila hatua itawekwa kabatini ndani ya mwezi. Visiwa vidogo vya Kojani, Fundo, Tumbatu na Kisiwa Panza, wanaume wanakwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, na hawarudi kwa wiki kadhaa. Kuwapa vidonge vya siku 28 ni kuwaandikia kuacha dawa. Aliyekwisha kutulia chini ya 140/90 anaweza kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kwa hivyo apewe dawa za miezi mitatu kabla ya kupanda chombo, na simu iandike "dago" asije akahesabiwa miongoni mwa waliopotea. Msimu wa karafuu ni vivyo hivyo kwa walioko makambini. Ujumbe wa chakula nao ufuate mahali: kumwambia Mpemba apunguze vyakula vya makopo ni kumpa habari isiyomhusu, wakati chumvi yake iko kwenye ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, na achari. Aambiwe aroweke ng'onda, amwage maji, arudie mara ya pili, na chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai.

Juu ya yote ni dawa. Ukimwita mtu kwa simu, akalipa nauli, akafika akaambiwa amlodipini imekwisha, umemfundisha asijibu simu yako. Kwa hivyo simu ile ile inayotoa orodha ya watu itoe na hesabu ya vidonge. Wagonjwa 300 wakimeza kimoja kwa siku ni vidonge 8,400 kwa siku 28, na kituo kiagize kikibakiwa na vya mzunguko mmoja, si vikishakwisha.

Tunapendekeza Wizara ya Afya ianze na vituo vichache katika kila mkoa kati ya mitano. Kila kituo kipate mashine 2 za mkono wa juu zenye mikanda ya saizi zote mbili, betri za akiba, tepu, mizani, simu 1 ya kazi yenye chaji ya akiba, kadi za wagonjwa, salio la kupigia, na jina la mtu mmoja anayewajibika kwa orodha, pamoja na wa kumshikia akiwa likizo. Daftari la karatasi lisitupwe mwaka wa kwanza. Wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya, mpango wa afya ya jamii hapa Zanzibar, tayari wana simu na wanaingia majumbani kwa ajili ya mama wajawazito na watoto. Wao wapewe kazi ya kuwatafuta waliopigiwa wasipatikane, kwa posho na mafunzo ya kupima, na mzigo wao wa sasa uangaliwe kwanza. Mtu mwenye 140/90 au zaidi arejewe siku nyengine kabla ya kuitwa mgonjwa. Mwenye 180/110 apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwako Mhariri tuna ombi. Tarehe 17 Mei ni Siku ya Presha Duniani. Tunaliomba gazeti lako liulize kila wilaya namba nne na kuzichapisha: wagonjwa waliosajiliwa, waliokuwa chini ya 140/90 katika miezi mitatu iliyopita, wasioonekana kwa miezi mitatu au zaidi, na siku ambazo amlodipini ilikosekana.

Matabibu na wauguzi wa kliniki za presha na sukari,
Pemba